Namba na Isnadi Yake

Mtu akikwambia kwamba asubuhi hii maji yamefika mita 3.62 kwenye bandari ya Unguja, kabla hujaandika muulize: kutoka wapi? Bahari haina sakafu moja ya kuanzia kuhesabu. Kina chini ya gati ni kingine, kina hatua hamsini mbele ni kingine, na mchanga wenyewe husogea kila kusi na kila kaskazi. Namba ile hupata maana pale tu inapofungwa kwenye kitu kisichotikisika: msumari wa shaba uliokitwa kwenye mwamba au kwenye ukuta imara, ambao fundi alipima tofauti ya urefu kati yake na sifuri ya mtambo, akaiandika, akatia tarehe. Bila msumari ule, mita 3.62 ni uvumi.

Kuna watu ambao kazi yao ya maisha ni kuuliza swali hilo. Ni watunza data ya bahari, wale wanaopokea vipimo kutoka bandarini, melini na kwenye maboya ya nchi mbalimbali, wakavikagua, wakavihifadhi na kuvikabidhi kwa wengine. Samaki mpya akigunduliwa hawapigwi picha wao. Wanachohakikisha ni kwamba namba iliyopimwa Lamu inasomwa Liverpool, Honolulu au Ostend ikiwa na maana ile ile iliyokuwa nayo ilipotoka. Nimewafuatilia kwa muda, kwa kusoma miongozo yao na kupekua mafaili yao yaliyo wazi kwa kila mtu, na heshima yangu kwao imezidi kukua. Hii ni kazi ya mikono, yenye ufundi wake na adabu zake, na inastahili kusifiwa kama tunavyomsifu fundi wa jahazi au mchonga milango.

Tuanze na mtambo wenyewe. Kwa miaka mingi kipimo cha maji bandarini kilikuwa bomba nene lililosimamishwa wima kwenye gati, ncha yake ya chini ikibaki majini hata wakati wa bamvua, maji yanapokupwa kupita kawaida. Chini kabisa kuna tundu dogo, na ufundi umo katika udogo wa tundu hilo. Wimbi la mashua inayopita halipati muda wa kuingia, lakini maji yanayojaa na kupwa kwa saa sita huingia na kutoka taratibu. Ndani ya bomba kuna boya, boya limefungwa waya, waya umepita kwenye gurudumu, na gurudumu likizunguka kina kinaandikwa. Siku hizi bandari nyingi zina kihisi cha rada kinachotazama maji kutoka juu, na kingine cha mgandamizo kilichozamishwa chini, ili kimoja kikifa kingine kiendelee. Kando yake, kwenye nguzo ya gati, kuna ubao wenye alama za sentimita. Mtunzaji hufika, huangalia kwa jicho lake maji yako wapi, hutazama saa na kuandika. Rada inaweza kupima kila dakika kwa mwaka mzima, lakini jicho la mtu kwenye ubao ule bado ni ushahidi unaohitajika, kwa sababu ni shahidi wa pili asiyetumia umeme wala programu.

Kisha huja wapima ardhi na darubini yao, kwa kawaida mara moja kwa mwaka. Huanzia kwenye msumari, hupima hatua kwa hatua hadi kwenye mtambo, kisha hurudi kwa njia ile ile kuona kama hesabu inafunga. Wanatafuta milimita. Misumari yenyewe huwa kadhaa, imetawanywa mbalimbali, mmoja kwenye jengo la zamani, mwingine kwenye mwamba nyuma ya bandari. Gati likititia kwa uzito wa makontena, msumari uliomo gatini utashuka nalo na wenzake watabaki walipo, na tofauti itaonekana kwenye daftari. Bila hivyo mtu angeweza kuuambia ulimwengu kwamba bahari imepanda sentimita 3, kumbe gati ndilo lililoshuka.

Wasomaji waliokaa madrasa wataitambua tabia hii. Wanazuoni wa hadithi hawakuishia kuuliza maneno yanasemaje. Waliuliza nani kapokea kwa nani, kama wawili hao waliwahi kukutana, nani alikuwa na kumbukumbu madhubuti na nani alianza kusahau uzeeni. Mlolongo huo wa wapokezi, isnadi, ndio ulioipa hadithi daraja lake: sahihi, hasan, dhaifu au ya kubuni. Na iliyo dhaifu waliihifadhi, wakaandika kwamba ni dhaifu na kwa nini. Namba ya bahari nayo ina isnadi. Kihisi gani kilipima, kilihakikiwa lini, saa ilikuwa ya wapi, msumari upi ulitumika, nani alisoma, nani alirekebisha na kwa hesabu ipi. Mtunza data anayeijua kazi yake hakupi namba peke yake hata ukimwomba. Atakukabidhi na wapokezi wake wote.

Ukitaka kuuona ufundi huu kwa karibu, mtazame mkaguzi akipitia mwaka mmoja wa data ya bandari. Jambo la kwanza analofanya ni kuondoa kujaa na kupwa kwenye mchoro. Mwezi na jua havibahatishi. Ukiwa na kumbukumbu ya mwaka mzima unaweza kukokotoa maji yatajaa lini na kwa kiasi gani miaka ijayo, na ndivyo majedwali ya bandari yanavyotengenezwa. Unguja, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua ni takriban mita 4, na mlima huo wote unaopanda na kushuka mara mbili kwa siku huficha kila kitu kidogo kilicho chini yake. Mkaguzi huchukua maji yaliyopimwa, hutoa maji yaliyotarajiwa, hubaki na mstari ulio karibu kuwa tambarare. Mstari huo wa baki ndio anaousoma.

Na husomeka. Baki ikiruka ghafla sentimita 8 kwenda juu na kukaa huko huko, huenda kihisi kimebadilishwa, au meli imegonga gati na mtambo umeshuka kwenye kishikio chake. Baki ikianza kuyumba kwa mapigo ya saa 12 na dakika 25, mapigo yale yale ya maji kujaa na kupwa, basi saa ya mtambo imewahi au imechelewa: maji yalifika kwa wakati wake, ila yameandikwa kwa wakati mwingine. Kosa likiwa ni la saa tatu kamili hakuna haja ya kutafuta mbali. Mtu ameandika saa za Afrika Mashariki mahali palipotakiwa saa za Greenwich. Na kama maji ya kujaa hayafiki juu yanapostahili, ya kupwa hayashuki mpaka chini, na yote mawili yanachelewa kidogo, tundu la bomba limeanza kuziba kwa mchanga au chaza. Hivyo mkaguzi aliyeko Honolulu anaweza kujua, bila kuinuka kitini, kwamba mzamiaji anahitajika kwenye gati la Mombasa.

Hapo ndipo adabu ya kazi inapoanza. Mkaguzi mzuri hana haraka ya kurekebisha. Kwanza huangalia majirani. Kama Unguja imeruka na Mombasa na Lamu hazikuruka, shaka iko kwenye mtambo. Kama zote tatu zimeinuka pamoja, ni bahari yenyewe inayosema, na aliyeko ofisini hana haki ya kuinyamazisha. Tarehe 26 Desemba 2004, saa kadhaa baada ya tetemeko la Sumatra, mitambo ya Lamu na Unguja iliandika maji yakipanda na kushuka bila mpango, kinyume cha jedwali lolote. Mkaguzi mwenye tabia ya kufuta kila kinachomshangaza angeifuta tsunami.

Baada ya majirani, humwandikia mwenye mtambo. Hilo ndilo naliona kuwa kiini cha ushirikiano huu wa kimataifa, kuliko mikataba na mikutano yote: barua fupi kati ya watu wawili ambao pengine hawajaonana, mmoja akiuliza kwa heshima nini kilitokea gatini wiki ya pili ya mwezi wa tatu, mwingine akifungua daftari na kujibu kwamba betri ilibadilishwa na saa ikaanza upya. Jibu hilo huingizwa kwenye faili. Miaka thelathini baadaye, wote wawili wakiwa wamestaafu, mwanafunzi wa nchi nyingine ataikuta sentensi hiyo na kuelewa kwa nini mstari unavunjika pale.

Liverpool, Uingereza, kuna ofisi inayofanya kazi hii tangu mwaka 1933: huduma ya kudumu ya kukusanya wastani wa usawa wa bahari duniani. Inahifadhi kumbukumbu za zaidi ya vituo 1,500, na imezigawa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni namba kama zilivyopokelewa. Fungu la pili ni zile tu ambazo historia ya misumari yake imekamilika, mwaka kwa mwaka, hivi kwamba kila mtambo mpya umefungwa na wa zamani bila pengo. Watumiaji huonywa wazi kwamba fungu la kwanza lisitumike kukokotoa bahari imepanda kiasi gani. Namba zake zinaweza kuwa nzuri kabisa, lakini isnadi yake imekatika mahali, na kwa swali la milimita chache kwa mwaka hilo linatosha kuzizuia.

Katika fungu hilo la pili kuna jambo dogo linalonifurahisha kila nikilifikiria. Sifuri ya kila kituo imewekwa takriban mita 7 chini ya wastani wa usawa wa bahari wa mahali hapo. Hakuna kitu baharini kwenye kina hicho. Ilichaguliwa ili wastani wa mwezi wowote usiwe namba hasi. Naona humo busara ya mtu aliyewahi kunakili majedwali kwa mkono na anayejua kwamba alama ndogo ya kutoa ikidondoka njiani, kila hesabu itakayofuata itaharibika. Aliwafikiria wanakili watakaokuja baada yake na kuwaondolea mtego kabla hawajaufikia.

Thamani ya uangalifu huu ilionekana kwenye pwani yetu wenyewe. Kumbukumbu ya sasa ya Unguja ilianza mwaka 1984 na ya Mombasa mwaka 1986, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Hawaii, ambako mwanabahari Klaus Wyrtki alikuwa amejenga utaratibu wa kupima usawa wa maji kisiwa kwa kisiwa. Katika takriban miongo miwili ya kwanza, Unguja ilionyesha bahari ikishuka kidogo kidogo, wakati vituo vingi duniani vilionyesha inapanda. Ilikuwa rahisi kusema mtambo ni mbovu. Lakini kumbukumbu ilikuwa na misumari yake, na ikaachwa iseme. Mwaka 2010 watafiti wakiongozwa na Weiqing Han wa Chuo Kikuu cha Colorado walionyesha kwamba katika ukanda wa tropiki wa kusini mwa Bahari ya Hindi, Unguja ikiwemo, usawa ulikuwa umeshuka kwa miongo kadhaa, kwa sababu mifumo mikubwa ya upepo ilikuwa imebadilika na kuyahamishia maji kwingine. Namba iliyoonekana kuwa ya aibu ikawa ushahidi. Baadaye mstari wa Unguja nao uligeuka na kuanza kupanda, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameunyoosha kwa nguvu, kugeuka kwake nako kunaaminika.

Ufundi huo huo umehamia katikati ya bahari, ambako hakuna gati wala mwamba wa kukita msumari. Tangu mwanzoni mwa karne hii, nchi takriban 30 zimekuwa zikitupa majini maboya ya mpango uitwao Argo, na kwa sasa yako karibu 4,000 yanayofanya kazi. Kila boya huzama hadi mita 1,000 na kuelea huko kwa siku tisa hivi, kisha hushuka hadi mita 2,000 na kupanda taratibu likipima joto, chumvi na mgandamizo. Likifika juu huzungumza na setilaiti, hutuma kilichopatikana na kuzama tena. Kabla ya siku kwisha vipimo vimekaguliwa na mashine na kuwekwa kwenye hifadhi mbili, moja Brest, Ufaransa, nyingine Monterey, Marekani, ambako yeyote mwenye intaneti anaweza kuvichukua bila malipo. Mvuvi wa Tanga, mwanafunzi wa Bujumbura na admeri wa jeshi la wanamaji wako sawa mbele ya mlango huo.

Lakini boya halirudi nyumbani kuhakikiwa. Kihisi chake cha chumvi hukaa miaka majini, viumbe wadogo huota ndani yake, na kidogo kidogo huanza kudanganya. Mwaka mmoja hivi baada ya kipimo, mtaalamu hukaa na boya hilo peke yake. Msumari anaoutegemea ni maji yenyewe ya kina kirefu: chini kule, chumvi ya maji ya joto fulani hubadilika polepole mno, hivyo boya likidai kwamba mita 1,800 chini chumvi imeongezeka mwezi hadi mwezi, na majirani zake hawasemi hivyo, linaloyumba ni boya. Mtaalamu huandika rekebisho, huandika na kiasi cha mashaka yaliyobaki, na namba ya awali huiacha palepale kando ya mpya. Kisha kila kipimo hupewa daraja: 1 ni kizuri, 2 huenda ni kizuri, 3 huenda ni kibaya, 4 ni kibaya. Madaraja manne, na hata la nne halitupwi.

Kwa nini lisitupwe? Mwaka 2006 watafiti watatu wa Marekani, John Lyman, Josh Willis na Gregory Johnson, walichapisha matokeo yaliyoshtua: maji ya juu ya bahari za dunia yalionekana kupoa kati ya 2003 na 2005. Hesabu yao ilikuwa safi. Ila setilaiti zilizopima joto linaloingia na kutoka duniani zilisema vingine, na setilaiti zilizopima usawa wa bahari nazo zilisema vingine. Willis akarudi kwenye data, boya kwa boya, na akakuta kundi moja la maboya ambamo joto lilikuwa likiambatanishwa na kina kisicho chake. Lilikuwa kosa la mpangilio, safu moja imesogea. Sehemu nyingine ya tatizo ilitoka kwa vipimo vya kizazi kilichotangulia, vile vinavyodondoshwa kutoka melini vikining'inia kwenye waya mwembamba. Vyombo hivyo havina kipimo cha kina. Kina hukadiriwa kwa sekunde zilizopita tangu kugusa maji, na kasi ya kuzama ikikosewa kidogo, joto lote hukaa mahali pasipo pake. Mwaka 2007 walitangaza marekebisho hadharani, na kupoa kule kukatoweka. Naipenda hadithi hii kwa sababu hakuna shujaa mmoja ndani yake. Kosa lilionekana kwa kuwa data ya kila chombo ilikuwa wazi ikishindana na ya wengine, na lilirekebishika kwa kuwa namba za awali zilikuwepo, kila moja ikiwa na jina la boya lake.

Wazo la kukubaliana juu ya kuandika ni la zamani kuliko mashine. Mwaka 1853 wajumbe wa nchi 10 walikutana Brussels, kwa msukumo wa Matthew Fontaine Maury, ofisa wa jeshi la wanamaji la Marekani, wakapatana namna moja ya kujaza daftari la meli: upepo, mkondo, hali ya hewa, joto la maji. Mamilioni ya mistari iliyoandikwa na manahodha tangu hapo ndiyo inayotuwezesha leo kujua bahari ilikuwaje kabla ya babu zetu kuzaliwa. Hata hivyo, mstari wa "joto la maji" ulikuwa na siri. Wengine walipima kwa ndoo ya turubai iliyovutwa juu, na ndoo ya turubai ikipigwa na upepo hupoa. Wengine walipima maji yanayoingia kupoza injini, na chumba cha injini kina joto. Wakati wa vita kuu ya pili vipimo vingi vilitoka kwenye meli za Marekani, zilizopima injini. Vita ilipokwisha vipimo vya ndoo vya meli za Uingereza vikarudi kwa wingi. Kwenye grafu ya dunia, joto la bahari likaporomoka ghafla mwaka 1945. Sababu hiyo ilifafanuliwa na David Thompson na wenzake mwaka 2008. Kwa zaidi ya miaka 60 badiliko la ndoo lilikuwa likisomwa kama badiliko la bahari, na lililolitatua ni swali la mtunza data: aliyeandika namba hii alishika chombo gani?

Wapo pia wanaookoa. Mwaka 1993, chini ya uongozi wa Sydney Levitus wa Marekani, ulianzishwa mpango wa kimataifa wa kutafuta vipimo vya zamani vilivyosahaulika kwenye makaratasi, kadi na tepu katika maghala ya nchi mbalimbali, kabla havijaoza. Mtu hukaa na daftari la meli lililofifia, akaamua kama hii ni 4 au 9, akageuza pima kuwa mita, kisha akaichora njia ya meli kwenye ramani. Meli ikionekana iko nchi kavu, tarakimu ya longitudo imekosewa. Ikionekana imekwenda maili mia kwa saa, tarehe imekosewa. Kwa njia hiyo ya uvumilivu, mamilioni ya vipimo yamerudishwa kwenye matumizi, na kila kimoja kimebaki na jina la meli yake.

Kushirikiana kuhusu data hakukuwa rahisi kamwe, kwa sababu anayeijua bahari ana nguvu juu yake, kwa uvuvi, kwa mafuta na kwa nyambizi. Ndiyo maana nastaajabu kwamba katikati ya vita baridi, baada ya mwaka wa kimataifa wa jiofizikia wa 1957 na 1958, vituo vya kuhifadhi data ya bahari viliwekwa pande zote mbili, Marekani na Muungano wa Kisovieti, na vikabadilishana nakala. Mwaka 1960 ikaundwa tume ya kiserikali ya bahari chini ya UNESCO, na mwaka 1961 ikaanzisha mpango wa kubadilishana data na taarifa za bahari, unaoendelea hadi leo. Mwaka 2003 tume hiyo ilipitisha sera ya data kupatikana kwa wakati, bila malipo na bila vizuizi.

Kwa upande wetu, jambo hili lina uchungu wake na lazima lisemwe. Katika msafara mkubwa wa kimataifa wa Bahari ya Hindi, uliofanyika hadi mwaka 1965, zaidi ya meli 40 zilipima maji haya, na atlasi iliyotokana nao, ya Wyrtki, ilichapwa Marekani mwaka 1971. Ni kazi adhimu. Lakini mtafiti wa pwani hii aliyetaka kujua maji ya mlangoni kwake alilazimika kuwaandikia watu wa mbali. Uwazi wa data ni haki kamili pale tu mwenye bahari anapokuwa na uwezo wa kuisoma, kuikagua na kuijibu barua ya Liverpool kwa kujiamini. Kwa hiyo nathamini sana kilichofuata: mtandao wa data ya bahari wa Afrika uliosaidiwa na serikali ya Flanders, Ubelgiji, mafunzo ya Ostend na ya Mombasa, kituo cha taifa cha data katika Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, na atlasi ya bahari ya Afrika iliyotolewa mwaka 2007, iliyotengenezwa na Waafrika kwa data waliyoikagua wenyewe. Na baada ya msiba wa 2004, vipimo vya bandari za Bahari ya Hindi vilivyokuwa vikisubiri kukusanywa sasa hupita kwenye setilaiti kila dakika chache. Tangu mwaka 2011 Australia, India na Indonesia hutoa tahadhari za tsunami kwa nchi zote zinazopakana na bahari hii.

Kinachonisikitisha ni jinsi kazi hii inavyokatika kirahisi. Fedha za mradi hununua mtambo, picha hupigwa siku ya uzinduzi, kisha hakuna fungu la kumlipa mtu wa kusoma ubao na kusafisha tundu. Pengo la miezi michache kwenye kumbukumbu haliwezi kuzibwa baadaye kwa fedha yoyote, kwa kuwa maji ya mwezi huo yamekwenda zake. Makala za kisayansi huwataja waliochambua namba na mara nyingi huwasahau waliozitunza. Ningependa vyuo vyetu vihesabu utunzaji wa data kuwa usomi, wenye cheo na mshahara wake, na bandari zetu zihesabu msumari wa shaba kuwa mali ya taifa isiyobomolewa kwa ajili ya kupanua gati.

Ili kutofautisha mwelekeo wa kweli wa bahari na mawimbi ya miongo, wataalamu hutaka kumbukumbu ya miaka 50 au 60 kutoka mahali pamoja. Kumbukumbu ya Unguja itafikisha miaka 60 mwaka 2044, na ya Mombasa miwili baadaye. Atakayeifunga hesabu hiyo yuko shule ya msingi sasa hivi, mahali fulani kati ya Lamu na Mtwara. Atahitaji hisabati nzuri, atahitaji intaneti, na zaidi ya vyote atahitaji kila ukurasa wa daftari kuanzia leo uwe umejazwa na mtu aliyejali. Hilo ndilo deni letu kwake, na hulipwa kwa kazi ya kila siku: kuusoma ubao, kuandika saa, kutia jina.